Mdogo Kuliko Nani?

Nimepoteza mteja kwa sababu ya neno moja, tena neno la ndege.

Kazi ilikuwa nyepesi: kijitabu cha wageni, kurasa nane, ndege na wanyama wa Ziwa Nakuru, Kiingereza upande wa kushoto na Kiswahili upande wa kulia. Palipoandikwa "lesser flamingo" nikaandika heroe mdogo. Palipoandikwa "greater flamingo" nikaandika heroe mkubwa. Nikatuma, nikatoka kwenda kununua maziwa. Sijafika dukani, simu ikalia.

"Mwalimu, kuna kitu umeruka," mwenye kazi akaniambia. Chaki niliiacha miaka mingi iliyopita, lakini mtaani bado mimi ni mwalimu. "Kiingereza kinasema 'lesser'. Hakikusema 'small'. Wewe umeandika mdogo tu. Ile zaidi iko wapi?"

Alitaka heroe mdogo zaidi. Nikamwambia zaidi hiyo itamfanya msomaji aulize kuliko yupi, na pale kwenye picha ndege amesimama peke yake. Akasema heroe mdogo ni mtoto wa heroe. Nikacheka, yeye hakucheka. Tulivutana mpaka nikakuta maziwa yamekwisha dukani. Mwishowe kijitabu kikachapishwa na zaidi yake, nikalipwa nilicholipwa, na kijitabu cha pili nilichokuwa nimeahidiwa kikaenda kwa mtu asiye na maneno mengi.

Kusema kweli, hapa Nakuru hakuna anayesema heroe. Ukimwambia mtu heroe atadhani unataja shujaa wa sinema. Sisi husema flamingo, wakiwa wengi maflamingo, na vijana wa Kaptembwa huongeza s juu yake: maflamingos. Hiyo s nitairudia, kwa sababu ina undugu na kesi yangu.

Ugomvi wangu na "lesser" haukuanzia kwa mteja. Ulianza darasa la sita, mwishoni mwa miaka ya 1980. Tulikuwa tukiimba kila asubuhi, sauti moja, mikono nyuma: good, better, best, bad, worse, worst, little, less, least. Siku moja nikaandika kwenye insha ya Kiingereza kwamba ndugu yangu alipewa "lesser mangoes" kuliko mimi. Mwalimu akalizungusha neno kwa kalamu nyekundu mara tatu, karatasi ikatoboka. Akaniita mbele. Neno hili halipo, akasema. Umelisikia wapi? Nikasema nimelisikia kwa baba yangu mdogo, ambaye alikuwa dereva wa watalii na Kiingereza chake kilikuwa cha Wazungu wenyewe. Nikala viboko viwili, kimoja cha kosa na kimoja cha ubishi.

Kosa lilikuwepo, nakubali. Maembe yanahesabika, na Kiingereza cha shuleni kilitaka "fewer". Lakini mwalimu hakusema hivyo. Alisema neno halipo.

Wiki chache baadaye tukapakiwa kwenye lori la shule kwenda kuona ziwa. Aliyeliona ziwa lile miaka hiyo hahitaji kusimuliwa, na ambaye hakuliona hatanisadiki. Ukingo wote ulikuwa wa waridi. Kwa mbali ulidhani ni udongo wa rangi, halafu udongo ukatembea. Kulikuwa na harufu ya magadi na kinyesi, na mvumo usiokoma, kama soko linalosikika kutoka nyuma ya ukuta. Na pale tuliposhuka kulikuwa na kibao cha serikali, herufi nyeupe: LESSER FLAMINGO.

Sikuweza kujizuia. "Mwalimu, na hiyo?"

Akakitazama kibao muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta na tai, akaivaa tena. "Hilo," akasema, "ni jina la ndege." Kisha akatuamuru tupange mistari.

Kwa miaka niliisimulia hadithi hiyo kama kichekesho cha mwalimu aliyebanwa akaponyoka. Siku hizi naisimulia kwa tahadhari. Nadhani alinipa jibu sahihi bila yeye mwenyewe kujua, na ni jibu hilohilo nililoshindwa kumweleza mteja wangu kwenye simu.

Tuanze na neno. Kiingereza hulinganisha kwa kuongeza mkia: "tall" akizidi huwa "taller", "small" huwa "smaller". Lakini yako maneno machache ya zamani ambayo hayakusubiri mkia. "Less" ni mojawapo. Tangu Kiingereza cha kale, lilipokuwa "læssa", lilikuwa tayari ni neno la kulinganisha. Lilisimama upande wa "little" ingawa hawakuzaliwa mzizi mmoja. Ni kama mke wa pili aliyekuja kujaza nafasi. Sasa, katika karne za kati, masikio ya watu yakaanza kuliona "less" liko uchi. Kila mlinganisho una "-er", mbona huyu hana? Wakamvika. Likawa "lesser": mlinganisho juu ya mlinganisho, kofia juu ya kofia.

Ndiyo maana nikataja maflamingos. Kijana anayesema hivyo tayari ana wingi wa Kiswahili kichwani mwa neno, na bado anatia wingi wa Kiingereza mkiani. Vivyo hivyo matichas na masistas. Hakosei kwa ujinga. Sikio lake linataka kila upande uwe na ushahidi. Waingereza walifanya hivyo kabla yetu, tena kwa neno lao wenyewe.

"Worse" nalo walilivika wakapata "worser". Shakespeare alilitumia bila haya: Hamlet anamwambia mama yake atupe nusu ya moyo iliyo "worser". Leo mtoto akiliandika atakatwa maksi. Neno lile lilifukuzwa, hili lilibaki, na sioni sababu ya haki. Samuel Johnson, katika kamusi yake iliyotoka London mwaka 1755, alilisema "lesser" vibaya kabisa: kwamba ni uharibifu wa kishenzi wa "less", uliotungwa na watu wa chini kwa mazoea ya kumalizia milinganisho na "-er", washairi wakaupokea, kisha waandishi wa nathari. Halafu, kwa ungwana ambao mwalimu wangu hakuwa nao, akakiri kwamba sasa lina mamlaka yote ambayo desturi inaweza kulipa kosa. Ningekuwa na sentensi hiyo mfukoni darasa la sita, labda ningepunguziwa kiboko kimoja.

Kabla sijasahau: ule mkia wa "homeless" na "useless" hauhusiani na "less" hata kidogo. Ni neno jingine la kale, lenye maana ya kukosa, na ni jamaa wa "loose". Lakini "unless" na "lest" ni watoto wa "less" kweli. Lugha ina ndugu wasiofanana na wafananao wasio ndugu, kama mtaa wowote.

Kilichonishangaza nilipokua ni kwamba baada ya kuvikwa kofia ya pili, "lesser" liliacha kufanya kazi ya kulinganisha. Jaribu. Mwingereza atakuambia "less than", atakuambia "smaller than", lakini "lesser than" humkwama kooni. Hata kwenye hesabu, ile alama ya mdomo wazi tuliyofundishwa ni "less than". "Lesser" hupenda kukaa mbele ya nomino, kimya, bila kutaja mwenzake: "lesser evil", "lesser charge" mahakamani pale mashtaka ya mauaji yanaposhushwa yakawa ya kuua bila kukusudia, "lesser kudu" ambaye sisi humwita tandala mdogo. Mwenzake yuko, lakini hatajwi. Anajulikana. Neno halikuambii amepungua kwa kiasi gani. Linakuambia anakaa kiti kipi.

Mahali nilipolielewa hili vizuri ni kanisani, si kwenye kamusi. Katika Mwanzo sura ya kwanza, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema Mungu aliumba "the greater light" ya mchana na "the lesser light" ya usiku. Waliotafsiri Biblia yetu ya Kiswahili hawakutia zaidi yoyote. Waliandika: mianga miwili mikubwa, ule mkubwa utawale mchana, na ule mdogo utawale usiku. Isome tena polepole. Mianga yote miwili ni mikubwa. Na mmoja wa hiyo mikubwa ni mdogo. Hakuna muumini aliyewahi kuinua mkono kuuliza inakuwaje, kwa sababu kila mmoja wetu amekulia nyumba yenye mtu kama mwezi: mkubwa ambaye ni mdogo.

Namaanisha baba mdogo.

Wangu ana urefu wa futi sita kasoro kidogo. Baba yangu mzazi alikuwa mfupi, mwembamba, karani wa reli, shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Wakisimama pamoja kwenye picha, na ninayo moja waliyopigwa mbele ya stesheni ya Nakuru, mgeni atasema yule mrefu mwenye kifua ndiye kaka. Lakini baba alitangulia kuzaliwa kwa miaka minne, basi yule mrefu akawa mdogo milele. Alipopata tumbo alikuwa mdogo. Alipopata mvi, tena kabla ya baba, alikuwa mdogo. Alipokuwa na pesa za watalii na baba akamkopa karo yetu, alikopwa na mkubwa wake, na alizitoa kwa mikono miwili. Mgeni akiuliza "mdogo kuliko nani?", swali lake ni la mtu aliyeingia nyumbani kupitia dirishani.

Kiswahili chetu hakina mkia wa kulinganisha. Tuna njia nyingine. Tunasema "kuliko", ambalo ukilifungua ni mahali: ku-li-ko, pale alipo fulani. Yeye ni mrefu kuliko mimi: ni mrefu, ukimweka pale nilipo. Au tunafanya mbio: mrefu kunishinda, kunipita, kunizidi. Hizo ndizo njia za kupima. Lakini mdogo na mkubwa zina kazi ya pili isiyopima chochote, kazi ya kupanga watu kwenye mkeka. Mdogo wangu, mama mdogo, mke mdogo, Asia Ndogo. Tia zaidi hapo uone. Mama mdogo zaidi ni nani?

Kilatini nacho, lugha ambayo wataalamu wa ndege hulazimika kuijua hata wakiichukia, kina neno "minor", na "minor" ni mlinganisho. Mfaransa Étienne Geoffroy Saint-Hilaire ndiye aliyempa flamingo wetu jina la kitaalamu mwaka 1798, akatia "minor" ndani yake, na "lesser" ya Kiingereza ni mwangwi wa hiyo. Ni mdogo kwa kimo, hilo kweli: sentimita 80 hadi 90, wakati mwenzake hufika 150. Mdomo wake ni mwekundu mzito unaokaribia weusi. Wa mkubwa ni wa waridi wenye ncha nyeusi. Mdogo hula mwani laini wa spirulina anaouchuja kwenye maji ya juu, mkubwa hufukua wadudu na konokono kwenye tope. Kwa hiyo wanaweza kusimama ziwa moja bila kugombania sahani.

Hapo ndipo baba mdogo huwa hachoki. Ulezi wake wote wa watalii, miaka ishirini na kitu, ulikuwa kuwaeleza Wazungu kwamba huyu "lesser" ndiye mwenye ziwa. Ndiye mwekundu zaidi. Ndiye mwingi zaidi, si hapa tu. Hakuna aina ya flamingo duniani yenye idadi kama yake. Kuna nyakati makadirio ya Ziwa Nakuru peke yake yalipita milioni moja. Roger Tory Peterson, mtaalamu wa ndege wa Marekani, aliliita tamasha la ndege kubwa kuliko yote duniani, na tamasha hilo kubwa kuliko yote lilichezwa na hawa walioitwa wadogo. Baba mdogo aliisema hivyo kwa Kiingereza, akisubiri wacheke. Walicheka, akapata bakshishi.

Alipostaafu alitaka kufungua duka la vipuri Free Area, akaniletea mkataba wa kupanga chumba nimsomee. Ulikuwa wa Kiingereza cha mawakili, kile cha kukutia usingizi. Akaweka kidole kwenye neno "Lessor".

"Hapa ndipo natia sahihi," akasema. "Si mimi ndiye mdogo?"

"Hapana, baba mdogo. Huyo ni mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ndiye anaitwa mdogo?"

Nikamweleza kwamba hilo si "lesser" letu, ni neno lililotoka Ufaransa, la mtu anayeacha kitu mikononi mwa mwingine. Yanafanana kwa sikio tu.

"Hata mimi," akasema, akijipapasa tumbo, "ni mdogo kwa sikio tu."

Mke wangu, ambaye kwao ni Kisumu na ambaye kwake Ziwa Nakuru ni dimbwi lililojisahau, alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Hadi leo mwenye nyumba wetu akipiga simu kudai kodi, yeye huniambia, "Mdogo anakutafuta."

Liko jambo jingine ambalo lilinichukua muda mrefu kuliona, na sikuliona kwa furaha.

Waingereza wana "the lesser evil", ubaya wenye nafuu, na kila uchaguzi wanalitoa sandukuni. Sisi tuna letu: heri nusu shari kuliko shari kamili. Nalipenda letu kwa sababu linapima. Halikubali kumpandisha cheo muovu kwa kumwita mdogo. Linamkata katikati, linakuonyesha ile nusu. Lakini tazama "heri" na "shari" zenyewe. Zote zimetoka Kiarabu, na Kiarabu huwa na umbo maalumu la kulinganisha linaloanza na a. Haya mawili, khayr na sharr, hulinganisha bila kuvaa umbo hilo. Ni kama "less" kabla ya kuvikwa. Tumeyapokea, tukayatumia vilevile: heri hii kuliko ile. Tulinunua mlinganisho bila kujua tumenunua mlinganisho.

Yako na mengine yaliyovaa lile umbo kamili: aghalabu, akali, aula. Na lililo kuu kati yao, afadhali.

Kwa Kiarabu, afdhal ni aliye bora zaidi, mwenye fadhila nyingi kuliko mwenzake. Ni neno la kupanda ngazi. Lilipofika kwetu likaanza kushuka. Hakuna anayesema chakula kitamu ni afadhali. Afadhali ni mvua ya manyunyu baada ya miezi ya jua. Afadhali ni matatu yenye kiti kilichopasuka, maana ile nyingine haina kiti. Neno linaanzia kwenye ubaya na kuhesabu hatua kutoka pale. "Lesser" na "afadhali" zinakutana katikati ya daraja: moja limetoka kwenye udogo, jingine kwenye ubora, yote yanaishia kusema, ingekuwa mbaya zaidi.

Nililijua hilo hospitalini. Baba alilazwa siku kumi na moja. Kila asubuhi nilimuuliza muuguzi, "Mzee ameamkaje?" na kila asubuhi alinijibu, "Ana afadhali." Nilitoka na neno hilo kama mtu aliyepewa mkate. Nilimpigia mama, afadhali. Nilimpigia baba mdogo, afadhali. Siku ya saba baba mdogo akanyamaza kwenye simu, kisha akauliza, "Afadhali kuliko lini?" Sikuwa na jibu. Muuguzi hakudanganya. Kila siku kulikuwa na kitu kimoja kilichokuwa bora kuliko jana: homa, au pumzi, au ameomba maji. Neno lilikuwa kweli siku zote kumi na moja.

Tulimzika Jumamosi. Kwenye matanga wazee walimwita baba mdogo, wakamkalisha kwenye kiti cha mbele, wakamwambia sasa wewe ndiye mkubwa wa nyumba hii. Aliitikia kwa kichwa. Walipomaliza kuomba nikamwendea na chai, nikasema, "Karibu chai, baba mkubwa." Sikupanga kusema hivyo, nilidhani ndiyo adabu.

Akanitazama kama nimemwaga chai.

"Nani amekufundisha hivyo? Mkubwa yuko pale," akasema, akionyesha kaburi kwa kidevu. "Mimi ni mdogo."

Kwa hiyo yeye bado ni baba mdogo. Ndugu wengine hawana, walikuwa wawili tu. Hakuna aliyebaki wa kusimama kando yake ili udogo wake uonekane, na urefu wake wa futi sita sasa umeinama kidogo, lakini jina liko palepale.

Ziwa nalo limebadilika, kila mtu anajua. Tangu miaka ya mwanzo ya 2010 maji yamepanda, kutoka eneo la kilomita za mraba zipatazo 40 hadi zaidi ya 60, yakameza lango kuu la zamani la hifadhi, yakameza miti ya migunga ambayo sasa imesimama mikavu katikati ya maji kama nguzo za umeme zisizo na waya. Kule Mwariki yaliingia hadi vyumbani. Maji mengi yamepunguza magadi, mwani ukapungua, na flamingo, wasiolipa kodi mahali pasipo na chakula, wakahamia Bogoria na Elementaita. Samaki wameongezeka, na wala samaki pamoja nao. Tulipopewa hadhi ya jiji, tarehe 1 Desemba 2021, picha za sherehe zilijaa flamingo wa zamani. Mke wangu aliniuliza kama ndege hao nao wamealikwa.

Baada ya ule ugomvi wa kijitabu nilimchukua baba mdogo, tukapanda hadi Baboon Cliff, pale juu ambapo ziwa zima liko miguuni. Nilimletea kile kijitabu. Akakifungua ukurasa wa flamingo, akasoma Kiswahili kwa sauti, "heroe mdogo zaidi", akakifunga, akakiweka chini ya paja ili upepo usikichukue. Hakusema kitu.

Kulikuwa na wachache upande wa mashariki, karibu na ile miti mikavu. Kumi, labda kumi na wawili, na mmoja aliyejitenga mbali na wenzake. Nikamnyooshea kidole huyo.

"Yule ni 'lesser' ama 'greater'?"

Akavaa miwani. Akatazama kwa muda ambao ungetosha kunywa kikombe cha chai.

"Kwa mbali hivi, akiwa peke yake," akasema, "hata mimi sijui. Mpaka mwingine aje asimame kando yake."

Tukangoja.